Ukuta Usiofika Kwenye Bati

Plasta ya zamani ikivunjwa na kunyunyiziwa maji hutoa harufu yake ya peke yake. Si ile harufu kali ya saruji mpya inayowasha pua. Ni ya udongo uliokaa kimya miaka mingi, na ndani yake mna moshi wa kuni, mna mpunga, mna mafuta ya kichwani mwa mtu. Niliinusa juzi nyumbani kwetu Ipyana, Kyela, begi likiwa bado begani, sijamsalimia hata mtu mmoja. Mdogo wangu Gwamaka alikuwa sebuleni na fundi wake, wanabomoa ukuta wa katikati.

"Karibu dada. Usishtuke," alisema, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. "Huu haubebi kitu. Fundi ameukagua. Kenchi zote za paa zimelala kwenye kuta za nje, huu umesimama tu."

"Tena hata juu haukufika," fundi akadakia. "Hauna mlango, hauna lenta, umeikata sebule vipande viwili. Aliyeujenga sijui alikuwa na ugomvi na nani."

Gwamaka simlaumu. Ukuta ule ulipokuwa unapandishwa yeye alikuwa mgongoni kwa mama, amelala. Mimi nilikuwepo, macho makavu, katika umri wa kuona kila kitu na kukielewa kinyumenyume. Na muda wote ule wa utoto niliamini kama alivyoamini fundi, kwamba ukuta ule ulijengwa na ugomvi.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka kwamba kabla mambo hayajafunguliwa saruji ilikuwa ya kuombewa kibali. Mtu akibahatika kupata mfuko anaulaza chumbani mwake, anaufunika vizuri kuliko anavyowafunika watoto. Halafu vitu vikaanza kuja. Baba yetu alikuwa mtu wa kuvuka mpaka. Shangazi yake aliolewa Karonga, kwa hiyo Malawi kwetu haikuwa nchi ya kigeni, ilikuwa kwa shangazi. Alipeleka mchele, akarudi na sabuni, vitenge na sukari. Ruksa ya biashara ilipokuja, kile alichokuwa akikifanya kwa kuviziavizia akakifanya mchana kweupe, tena kwa maringo. Na maringo yake ya kwanza yalikuwa nyumba.

Aliijenga kwa matofali ya kuchoma, akaipiga plasta nje na ndani, akaiezeka bati. Msingi aliuinua hadi kifuani kwangu, kwa sababu Kyela maji ya masika hayabishi hodi. Ramani aliitoa kichwani, kutokana na nyumba moja aliyoiona Mbeya: mlango mkubwa mmoja mbele wenye baraza, sebule pana, korido, vyumba huku na huku, na kimlango cha uani cha kutokea jikoni. Mama alifuma vitambaa vya makochi kabla makochi hayajanunuliwa. Jioni aliketi sebuleni mlango ukiwa wazi ili wapita njia wamwone amekaa, na mimi nilikaa chini karibu yake nikijiona mtoto wa mtu mkubwa.

Siku ya kuchimba msingi, fundi wa wakati ule, mzee wa hapo hapo kijijini, alimwuliza baba swali moja tu. "Baba yako akija, atapita wapi?"

Baba alicheka. "Atapita mlangoni, kama watu."

Asiyekuwa wa kwetu ataona swali hilo ni la ajabu. Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Hamsemeshi, hapiti naye njia moja, hatumii naye choo kimoja. Akimsikia anakuja anaingia migombani, na wakikutana ghafla anageuka, anachuchumaa, anajifunika kanga. Siku hizi wengi wameacha, na hata wakati ule wako majirani waliosema ni mambo ya kale. Nyumbani kwetu hayakuwa ya kale. Ndiyo maana mtu wa kwetu akitaka kujenga, kabla ya kufikiria vyumba anafikiria njia: mkwe atapita wapi, mzee atapita wapi, wasije wakakutana. Baba alijenga nyumba ya Mbeya katika uwanja wa Kyela, akasahau kwamba ana baba na ana mke. Kosa la namna ile ni la Mnyakyusa peke yake, tena yule aliyeanza kushika pesa.

Mimi sikuelezwa lolote. Watoto wa zama zetu hawakuelezwa, walitumwa. Nilichokiona ni mama yangu, mwanamke aliyeua nyoka kwa mpini wa jembe na kurudi kupalilia, akikimbia kila babu alipotokea. Babu aliishi chini karibu na mto, katika nyumba ya mianzi aliyoijenga mwenyewe na kuikandika kwa udongo mwekundu. Nilipenda sana kwenda kwake. Aliniita mke wake. "Mke gani wewe," alinitania, "unakuja kwa mumeo mikono mitupu, hata ndizi moja huna?" Nikawa najiuliza kwa nini mtu mchangamfu hivi mama anamkimbia, na jibu nililojipa likawa la kitoto: lazima amewahi kumfanyia kitu kibaya.

Kisha yakaja masika ambayo mto uliichukua nyumba ya mianzi. Haikuvunjika kwa kishindo. Ililala upande polepole, ikaondoka na maji, na picha ya babu, moja tu aliyowahi kupigwa maishani mwake, ikaondoka nayo. Baba alimleta babu mvua ikinyesha, amembeba mgongoni kwenye maji ya mapajani, akamtua barazani kwetu. Mama alikuwa jikoni, katika kile kibanda cha uani. Alipozisikia sauti zao alivuta kanga usoni, akakaa kimya nyuma ya moshi. Mimi nilisimama kwenye mlango wa uani, nikiwasikia wa mbele na wa nyuma.

Babu hakutaka kuingia. Alisimama barazani maji yakimchuruzika, bunda la nguo kwapani.

"Ingia, tata, utaumwa," baba alimwambia. Tata ndiyo baba kwa Kinyakyusa.

"Niingie wapi? Nyumba hii ndani ina njia moja. Mimi nikiwa humo, mkwe wangu atakuwa wapi?"

"Hayo ni ya zamani. Sisi tunasali."

"Hata mimi nasali," babu alisema. "Maji yakipungua nitakwenda Karonga kwa dada yangu."

"Kwa umri huo? Na mto Songwe ulivyojaa? Tata, unataka watu waseme nimelala chini ya bati, baba yangu akafia njiani?"

Sauti ya baba ilikuwa imeanza kukatika. Alikuwa mtu wa kelele, na sikuwahi kuisikia sauti yake ikiwa hivyo. Ndipo mama akasema kutoka jikoni, kwa nguvu, ili asikike juu ya mvua. Hakusema na baba, wala hakusema na babu. Alisema na kuku waliojikinga miguuni pake.

"Nyie kuku, mbona mnahangaika na nafasi? Ile sebule ni kubwa mno. Inaingia ukuta. Mwenye kustahili mlango wa mbele akae na mlango wake wa mbele, mimi huu wa uani unanitosha."

Halafu babu akacheka kidogo, uso ameelekeza njiani. "Kuku wa nyumba hii wana akili," alisema.

Leo nikiyakumbuka maneno yale nayaona yalivyokuwa. Mwanamke alikuwa anaitoa sebule yake, kitu pekee alichojivunia, ili mzee apate pa kulala pakavu. Siku ile niliyasikia tofauti. Nilisikia mama akiomba ukuta ili asimwone babu, na nilisikia babu akikubali kumfukuza mama kwenye mlango wake mwenyewe. Niliwakasirikia wote wawili.

Babu alilala kwa jirani mpaka kazi ikaisha. Matofali yaliyobaki ya nyumba yalikuwa yamefunikwa kwa majani ya migomba nyuma ya choo, na fundi aliyapandisha kozi baada ya kozi, safu juu ya safu, mpaka yakamwishia mkononi. Ukuta ukaishia usawa wa juu ya milango. Kutoka hapo hadi kwenye bati palibaki wazi. Baba alisema ataumalizia kiangazi. Upande wa mbele, wenye baraza na dirisha kubwa, ukawa chumba cha babu. Kwetu kikabaki kipande chenye kiza karibu na korido, makochi yamebanana mpaka mtu akitaka kupita lazima mwingine ainue miguu. Choo cha pili kilichimbwa upande mwingine wa migomba. Hilo la choo nilijivunia shuleni. Niliwaambia wenzangu kwamba sisi ni matajiri, tuna vyoo viwili, na hakuna aliyeniambia vinginevyo kwa sababu wengi wao nao walikuwa navyo viwili, vya mianzi, na walikuwa wamejiona maskini tu.

Basi wakaanza kuishi, mmoja huku, mmoja kule. Asubuhi kabla ya kufungua mlango wake babu alikohoa na kugonga fimbo sakafuni, ili mama kama yuko uwanjani ajitoe njiani. Mama naye kama anapita upande wa mbele aligonga sufuria. Chakula nilipeleka mimi. Na maneno yote mengine yalipita kwa kuku.

"We kuku," mama alisema akiwa amekaa upande wetu, "wali umeiva na dagaa wa usipa wapo. Anayechelewa atakula wa baridi."

Juu ya ukuta, pale palipobaki wazi, ikaja sauti ya babu. "Kuku, leo chumvi imekaa sawa. Ya jana ilikuwa ya kukimbizana nayo."

Babu asipomaliza chakula, kuku walisemwa siku nzima. Babu akikohoa vibaya, kuku waliambiwa kwamba mwenye kifua kama kile hatakiwi kukaa barazani kwenye umande, na mara mimi nimekabidhiwa kikombe cha maji ya moto yenye ndimu. Nilidhani wanasutana. Niliwasikia wakirushiana maneno juu ya ukuta, na kwa kuwa hawakuwahi kusemeshana ana kwa ana, nikahesabu ni vita. Ilikuwa vita ya ajabu, maana hakuna aliyeamka kitandani bila kwanza kutega sikio kama mwenzake ameamka.

Jioni mama alikaa kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza ukutani, akichambua mchele. Niliona anampa babu mgongo. Babu naye upande wa pili alikaa chini, kichwa amekiegemeza kwenye ukuta huo huo, na redio aliyoletewa na baba kutoka ng'ambo ikiwa mapajani. Zikianza kuimba kwaya, anaifungulia mpaka mwisho. Niliona anamzibia mama sauti. Haikunijia akilini kwamba ni mama aliyependa kwaya, wala kwamba babu alikuwa anasikia vizuri kabisa na hakuhitaji redio ipige kelele. Nilikuwa mtoto mwenye macho mawili mazuri na nikayatumia yote mawili kuona kisichokuwepo.

Kiangazi kilipofika baba hakuumalizia ukuta. Alikuwa na wazo kubwa zaidi. Angemjengea babu nyumba yake mwenyewe uwanjani, ya matofali na bati, yenye njia yake, ili mama arudishiwe sebule. Alifyatua matofali, akachoma tanuru zima. Kisha biashara ikamwita, akaenda ng'ambo. Aliporudi alisema mpunga ukishavunwa. Mpunga ulivunwa, akasema saruji imepanda. Wakati ule kila mtu wa biashara alikuwa anakimbia, kana kwamba ule mlango uliofunguliwa ungefungwa tena kesho yake. Tanuru likaota nyasi, mbuzi wakawa wanapanda juu yake. Babu hakuwahi kuliulizia. Mara moja tu alilitazama akaniambia, "Mke wangu, nyumba yetu ile pale, inasubiri kusimama," akacheka, nami nikacheka.

Asubuhi moja ya masika kikohozi hakikuja.

Mama alikuwa amekwisha washa moto. Alisimama uwanjani na sufuria mkononi, akitazama mlango wa babu kwa pembeni. Baba alikuwa Karonga. Majirani wenye nguvu walikuwa mashambani kuokoa mpunga, maana maji yalikuwa yamepanda tena. Mama akaingia ndani, akasimama karibu na ukuta. "We kuku," akasema, "kumekucha." Hakujibiwa. "We kuku, uji upo." Kimya. Akanigeukia. "Nenda ukamwangalie babu yako. Kimbia."

Nilimkuta sakafuni kando ya kitanda. Macho yalikuwa wazi na mdomo umevutwa upande mmoja. Alinitambua. Alitaka kusema kitu, sauti ikatoka bila maneno. Nilijaribu kumwinua nikashindwa, nikatoka barazani nikilia. "Mama, ameanguka! Mzito!"

Mama alikuja mbele ya nyumba mbio, kisha akasimama chini ya ngazi za baraza kana kwamba amefika ukingoni mwa mto. Hakuwa amekanyaga ngazi zile tangu ukuta ulipojengwa. Alimshusha Gwamaka mgongoni, akamweka kwenye mkeka. Akaichukua ile mbeleko, akaikunja, akajifunga machoni, akakaza fundo kisogoni. Akaninyooshea mkono.

"Nipeleke," alisema.

Nilimwongoza ngazi kwa ngazi, mlangoni, mpaka ndani. "Kichwa kiko wapi?" aliniuliza kwa kunong'ona. Nikauweka mkono wake begani kwa babu. "Miguu?" Nikauweka mkono wa pili chini ya magoti. Nilimtazama babu, na nilichokiona sijakisahau: kwa nguvu zile chache zilizombakia alikuwa amefumba macho, akaugeuzia uso wake ukutani. Mama akamwinua kama anavyoinuliwa mtoto aliyelala. Akamlaza, akamfunika, akapapasa mto mpaka akahakikisha kichwa kimekaa vizuri. Katika chumba kile mwenye macho wazi nilikuwa mimi peke yangu.

Tulipotoka nje alifungua mbeleko, macho yamejaa machozi, akaanza kunipangusa mimi.

"Mama," nikamwuliza, "si unamchukia?"

Alinishangaa. "Nani kakwambia hivyo? Ningemchukia ningemtazama."

Baba alirudi kutoka Karonga akamkuta mama amefunga macho, anamlisha babu uji, mimi nikiongoza kijiko. Alisubiri mpaka mama akatoka, akamfuata uani. "Mke wangu, fungua macho. Huyu ni mgonjwa, hakuna atakayekusema."

"Nani amekwambia naogopa kusemwa?" mama alijibu. "Mzima nilimheshimu. Sasa hawezi hata kujigeuza, ndiyo nimvue heshima yake?"

Baba alikwenda akakaa juu ya lile tanuru lenye nyasi, mwanaume mzima na viatu vyake vya ng'ambo, akainamisha kichwa. Hospitali walimpokea babu, wakamrudisha nyumbani. Masika yale hayakwisha akiwa hai.

Siku ya kuzika, jeneza liliwekwa barazani ili watu wapite kumtazama kwa mara ya mwisho. Walipita majirani, walipita watu wa ng'ambo, walipita hata watu ambao babu hakuwapenda. Mama alisimama migombani na kanga yake usoni. Nilimwendea nikamshika mkono nikitaka kumvuta, nikidhani labda siku hiyo inaruhusiwa. Alitikisa kichwa. Tulibaki pale mpaka tukasikia misumari.

Kaburi lake liko uwanjani hapo hapo, la matofali na plasta, na kibati juu yake. Baba alilijenga kwa mikono yake. Alikataa fundi. Aliyatoa matofali kwenye lile tanuru, akayapanga kozi baada ya kozi, kila moja akiipima kwa pima maji huku machozi yakidondokea kwenye saruji, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Matofali mengine yaliyobaki yalikuwa mengi, ya kutosha nyumba. Hakuyagusa tena. Yaliliwa na mvua pale pale, mpaka pakabaki kichuguu chekundu. Tangu siku ile sikumsikia tena baba akijisifia nyumba ya mtu, hata yake.

Kiangazi kilichofuata alimwambia mama, kwa upole, kwamba ukuta sasa unaweza kutolewa. Mama alisema uache kwanza. Chumba cha mbele kikawa ghala la mpunga, magunia yakapangwa mpaka juu. Mama alikuwa anatuma mtu akachote. Mwenyewe hakuingia, hata baba naye alipokwisha kufariki na nyumba ikawa yake peke yake. Na sisi tukakua, tukaondoka, tukajifunza kusema kwamba mila zile zilikuwa za kutenganisha watu. Najuta kwa ajili ya baba, aliyejenga kila kitu isipokuwa kile alichoahidi. Najuta kwa ajili ya babu, ambaye sauti ya mkwe wake ilimfikia kwa muda wote ule kwa kupitia kuku. Lakini zaidi najuta kwamba watu wawili waliopendana vile ndani ya nyumba moja hawakuwa na shahidi mwingine ila mimi, mtoto niliyedhani wanagombana.

Haya yote yalinijia nimesimama na begi begani. Tundu walilolitoboa lilikuwa limefika ukubwa wa mlango. Magunia yalikuwa yameondolewa, na kwenye kipande cha ukuta kilichobaki, upande wa babu, niliona doa jeusi la mviringo, linang'aa kwa mafuta, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa chini. Nikazunguka upande wetu. Palikuwa na jingine, la mgongo, mahali pale pale.

Mama alikuja kutoka uani na fimbo yake. Amekuwa mdogo sasa, na goti moja halikunjiki vizuri. "Umefika, mwanangu? Mbona umesimama?" Alitazama tundu. Nilidhani atagombeza. Badala yake aliinua mguu akavuka vifusi, nikamshika kiwiko, akaingia chumba cha mbele. Ilikuwa mara ya kwanza anakiingia akiwa na macho wazi tangu kilipokuwa sebule yake.

Nikamwonyesha lile doa. "Alikuwa anakaa hapa, mama. Kila jioni. Wewe ukichambua mchele kule, yeye yuko hapa."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa. Na kwaya alikuwa anakufungulia wewe."

"Hilo nilijua," alisema. Aliweka kiganja chake juu ya doa, akakiacha pale. Fundi alitaka kusema kitu, Gwamaka akamnyamazisha kwa mkono.

"Nilimbeba," mama alisema, akiuambia ukuta. "Nilimlisha kwa mkono huu. Uzito wake naujua, kikohozi chake nakijua mpaka leo. Sura yake siijui." Kisha akanigeukia. "Wewe ulimwona. Alikuwa na sura gani?"

Nilitafuta maneno. Nilikumbuka nyusi, nilikumbuka pua, nilikumbuka jinsi alivyocheka akitazama pembeni, na hakuna lililotosha kumpa mtu aliyesubiri kiasi kile. Nikainua macho. Gwamaka alikuwa amesimama kwenye mwanga wa dirisha kubwa, ameegemea mpini wa nyundo kama mtu anavyoegemea fimbo. Vumbi la plasta lilikuwa limemgeuza nywele nyeupe, nyusi nyeupe, ndevu nyeupe.

"Kama huyo," nikasema. "Alivyo hivyo sasa hivi."

Mama alimtazama mwanawe. Alimtazama kwa utulivu, kuanzia nywele hadi kidevu, bila haraka. Halafu mkono wake ukapanda wenyewe, ukashika upindo wa kanga, ukaushusha usoni. Goti lile bovu likajaribu kuchuchumaa, nikamdaka.

"Ndaga, tata," alisema. Asante, baba. Hapakuwa na kuku chumbani.

Gwamaka akaiweka nyundo chini. "Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe," alijibu ndani ya kanga. "Nyamaza kidogo."